Samaki Asiyeganda na Chupa ya Damu

Damu ni bidhaa isiyo na kiwanda. Mama anayevuja damu akijifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria na majeruhi wa ajali, wote hutegemea chupa iliyotolewa na binadamu mwenzao. Lakini ndani ya jokofu la nyuzi 2 hadi 6, chembe nyekundu za damu hazihifadhiki zaidi ya siku 42.

Mtu atauliza: kwa nini isigandishwe kama nyama? Adui hapa ni barafu kuliko baridi yenyewe. Maji yanapogeuka barafu, chumvi hubaki nje ikawa kali na kuzinyonya chembe maji. Tena wakati wa kuyeyusha, punje ndogo za barafu huungana zikawa kubwa, na chembe huzidi kuharibika.

Mwaka 1950, Audrey Smith wa Uingereza alionyesha kwamba gliserini huzikinga chembe hizo. Kwa njia hiyo damu iliyogandishwa huweza kukaa miaka 10. Taabu ni kwamba gliserini lazima ioshwe kwanza, kwa muda na mashine maalumu. Anayevuja damu hana muda huo.

Sasa tuwatazame samaki wa Antaktika. Bahari yao hufikia nyuzi 1.9 chini ya sifuri, nao huogelea bila kuganda. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Arthur DeVries aligundua siri yao: protini zilizomo katika damu, ambazo hushika uso wa punje ya barafu na kuizuia isikue.

Mwaka 2014, kundi la Matthew Gibson katika Chuo Kikuu cha Warwick lilitumia polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini na kuiga kazi ya protini hizo. Chembe nyekundu zilizogandishwa nayo, bila gliserini, zilipona kwa wingi zaidi zilipoyeyushwa.

Hiyo bado ni kazi ya maabara. Na hata ikifika hospitalini, itadai majokofu ya baridi kali na umeme usiokatika. Serikali zetu zianze kulifikiria hilo mapema, badala ya kungoja msaada.

Nasi wananchi tusisahau: sayansi yaweza kurefusha umri wa damu, lakini haijazi chupa tupu. Kuijaza ni kazi yangu na yako.