Haki ya Njia kwa Mnyama na Mwenye Kumwongoza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, mlio msikitini na mnaosikiliza majumbani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Uchaji Mungu haukomei kwenye mswala. Hupimwa pia njiani.

Ziangalieni njia zetu, za Tinde na Kahama, za Geita na Katoro. Asubuhi moja, njia moja hupitiwa na mchungaji na ng'ombe wake, mkokoteni wa maksai uliopakiwa pamba, punda mwenye madumu ya maji, mama aliyejitwika kuni, baiskeli yenye abiria, na pikipiki inayowahi machimboni. Njia ni ya wote hao. Lakini hawalingani kwa nguvu wala kwa mwendo, na hapo ndipo dhulma hupata mlango.

Pikipiki humjia punda kwa nyuma, mwendo haupunguzwi, na honi hulia kisogoni pake. Punda na ng'ombe wameumbwa na macho ubavuni mwa kichwa. Huona vyema kulia na kushoto, lakini aliye nyuma yao kabisa hawamwoni. Mlio wa ghafla kutoka wasikoona, kwao ni adui. Punda huruka, maksai huuburuta mkokoteni mtaroni, na mtoto aliyekaa juu ya mzigo huanguka chini ya gurudumu. Mara nyingine mwenye pikipiki ndiye agonganaye na ng'ombe akafa, akaacha mjane na mayatima. Yote hayo kwa kuokoa dakika mbili!

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume aliwaamuru masahaba waipe njia haki yake, na katika haki hizo ni kuzuia maudhi na kurudisha salamu. Tena alifundisha kwamba aliyepanda ndiye amsalimuye aendaye kwa miguu. Tazameni hekima hiyo! Mwenye nguvu na mbio ndiye aliyetwishwa adabu ya kuanza. Na anayepita kama risasi hawezi kutoa salamu ikasikika. Hana budi apunguze mwendo.

Atasema msemaji: nachelewa, na riziki yangu iko mbele. Katika Hija ya kuaga, watu walipowakimbiza wanyama wao kwa fujo na makelele, Mtume aliwaashiria watulie, akawafahamisha kuwa wema haumo katika kuharakisha. Ikiwa katika ibada kubwa kama ile hapakuwa na ruhusa ya mbio, je, ruhusa hiyo itapatikana kwa ajili ya kifuko cha mchanga wa dhahabu?

Basi wewe uliyepanda, umwonapo mnyama mbele yako, punguza mwendo ukiwa bado mbali. Mwite mwenyewe kwa salamu, naye umpe muda wa kumshika. Ikiwa si Mwislamu, kumwambia "mwangaluka" hakukupunguzii kitu. Mpe nafasi, pita taratibu, wala usiongeze mwendo mpaka umemwacha nyuma. Kundi likikatiza, simama, usilipasue katikati.

Nawe mchungaji, usimwachie mtoto mdogo kuvusha kundi peke yake, wala usimzidishie punda mzigo. Mtume alipomwona ngamia ambaye tumbo lake limegandamana na mgongo, aliwaonya watu wamche Mungu kwa ajili ya wanyama hawa wasioweza kusema.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, lakini askari hasimami katika kila kijia cha Nyarugusu. Mwenyezi Mungu yuaona, na kilio cha asiye na ulimi hakimpiti.

Ewe Mola wetu, tujaalie upole katika mwendo wetu, uwalinde wasafiri wetu, na uturejeshe majumbani kwetu kwa salama. Amin.