Sponji wa Mafia: Tuanze na Sabuni Kabla ya Dawa

Msikilizaji, kila ukitajwa ufugaji wa sponji wa baharini, neno dawa hutangulia. Halikosi msingi. Sitarabini, inayotibu saratani ya damu, chimbuko lake ni sponji wa Karibi. Eribulini, ya saratani ya matiti, chimbuko lake ni sponji wa Japani, nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2010. Ila dawa zote mbili leo hutengenezwa kiwandani. Mfugaji hauzi hata kilo moja huko.

Kwa hiyo wakazi wa kisiwa cha Mafia wanaotaka kufuga sponji watazame Jambiani, Unguja. Pale kina mama, baadhi yao waliokuwa wakilima mwani, hufuga sponji wa kuogea. Sponji mmoja hukatwa vipande kwa kisu, vipande vikatungwa kwenye kamba na kuning'inizwa majini kwa maboya. Kidonda hupona, kipande kikakua kwa kuchuja maji, bila chakula wala mbolea. Kazi ni kusugua kamba zisiote uchafu. Mnunuzi ni mtalii anayetaka sponji wa bafuni.

Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, na wakulima wa mwani wanaoijua kamba na maji. Mbegu, yaani vipande vya kupanda, itoke shambani, matumbawe yasiguswe. Na mtafiti akija kuchukua sampuli kwa ajili ya dawa, mkataba wa mgawo wa faida utiwe saini kabla hajapanda boti. Mali bila daftari huisha bila habari.