Mfanyakazi Asilipishwe Kosa la Mganga

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi.



Nimeombwa niseme juu ya fidia. Nitasema jambo moja tu: leseni ya mganga.

Kwa sheria tuliyorithi kwa mkoloni, aliyekatwa kidole na mashine alimtazama tajiri wake. Sheria ile ilifutwa, ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na kwa sheria hiyo Tanzania Bara ikapata Mfuko wake. Waajiri ndio wanaochanga. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Lakini Mfuko haulipi kwa kuonyeshwa kovu. Unataka hati ya mganga aliyesajiliwa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mtu anaumia usiku, anakimbizwa zahanati iliyo karibu, anashonwa. Madai yakipelekwa, swali linatoka: aliyetia sahihi ni nani, na leseni yake ilikwisha lini? Zahanati inadai gharama, malipo yanazuiwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Wako wasemao leseni ni makaratasi tu. Sikubali. Kabla ya 1957 mganga aliyehitimu Makerere hakutambuliwa na Baraza la Waganga la Uingereza. Alifanya kazi ya daktari akaitwa msaidizi. Leseni ile ilikuwa fimbo ya kututweza. Baraza la Madaktari la leo ni letu wenyewe, na leseni yake ni ngao ya mgonjwa. Anayepima mkono usio na vidole na kuandika asilimia, lazima tujue ana elimu gani.

Lakini ngao isigeuzwe ukuta. Majeruhi hakupewa daftari la Baraza alisome huku damu ikimtoka. Leseni ikiwa na kasoro, aulizwe mwenye leseni na mwenye zahanati. Wakose malipo wao. Mfanyakazi apimwe upya na mganga mwenye sifa, na madai yake yaendelee.

Nasi tusilale. Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja. Miezi 12 ikipita bila taarifa, haki imekwenda. Uliza jina la mganga na nambari yake ya usajili. Tunza kila karatasi. Makatibu wa matawi, wasaidieni wasiojua kuandika.

Mkono uliokatika kazini umeijenga nchi hii. Usinyimwe haki yake kwa kosa la mtu mwingine.

Uhuru na Kazi!