Dion Beasley na Mbwa Wake

Leo uchambuzi unavuka bahari hadi Australia, kwa mchoraji anayeitwa Dion Beasley. Ni Mwaborijini wa kabila la Alyawarr, mwenyeji wa asili wa nchi ile. Ni kiziwi, na maradhi ya kudhoofika misuli yamemweka kwenye kigari. Kwa kigari hicho huzunguka mitaa ya Tennant Creek, mji mdogo wa jangwani kaskazini ya Alice Springs, akiwatazama mbwa. Akirudi nyumbani anawachora.

Utoto wake unahusiana na Alpurrurulam, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Queensland. Baadaye akalelewa Tennant Creek na mama mmoja, Joie Boulter. Maisha yake nitayaacha hapo, maana nimechoka kusikia wasanii wenye ulemavu wakisifiwa kwa ugonjwa wao badala ya kazi yao. Tuitazame kazi.

Mbwa wa Beasley si wa kwenye kalenda, wale waliochanwa manyoya na kufungwa utepe. Ni mbwa wa mtaani hasa. Huyu anajikuna, yule ametoa meno, wawili wanagombana, mwingine mbavu zinahesabika. Mistari ni michache, ya kalamu, wala hafutifuti. Lakini jike utalijua, dume utalijua, mwoga na mkorofi utawatambua kwa namna mkia ulivyokaa. Ukiwachanganya mbwa ishirini kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja ana sura yake. Wachoraji wengi wenye masikio mazima huchora mbwa mmoja, halafu wakamrudia.

Mara nyingine anachora kijiji kizima kama anayekitazama kutoka angani: barabara, nyumba, uzio, na mbwa kila mahali. Ni ramani ya mtu anayekumbuka nani anakaa wapi na mbwa gani analala mlangoni.

Mwaka 2013 alitoa kitabu cha watoto pamoja na mwandishi Johanna Bell, kinachofundisha hesabu, rangi na siku za juma kwa kutumia mbwa. Cha pili, *Go Home, Cheeky Animals!*, kilipata mwaka 2017 tuzo ya Baraza la Vitabu vya Watoto la Australia, katika kundi la watoto wadogo. Ilikuwa tuzo ya kitabu bora. Hakuna aliyempa kwa kumhurumia.

Kuna jambo la kwao ambalo limenigusa zaidi. Kwa Wawarumungu, wenyeji wa Tennant Creek, mwanamke akifiwa na mume alikuwa akinyamaza kwa miezi mingi, na muda wote huo akisema kwa mikono. Kwa hiyo ishara za mikono si kitu cha viziwi peke yao. Wanaosikia nao wanazo. Sisi huku Kyela? Kiziwi tunamwita bubu, tunamsemea, halafu tunashangaa kwamba hana la kusema.

Na si kwamba hatujui kuithamini kazi ya mikono. Jumamosi pale soko la Lyulilo, Matema, vyungu vya akina mama wa Kikisi vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi ya Ikombe. Mnunuzi anakigonga chungu, anasikiliza mlio, anatazama nakshi, analipa. Haulizi aliyekifinyanga anasikia au hasikii. Iringa nako, Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, na leo watu wanapanga safari kwenda kununua kazi zao.

Na shule za viziwi zipo. Ya kwanza nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Leo ipo nyingine hata Njombe, nyanda zetu hizi hizi za juu kusini. Basi mzazi unayenisikiliza, uwe Ngonga au Ikombe, ukiwa na mtoto kiziwi anayeshinda uani na mbwa, mpeleke shule mapema, na wewe mwenyewe ujifunze lugha ya alama ili akirudi likizo mzungumze. Na kama anachorachora ukutani kwa mkaa, usimchape. Mnunulie daftari na kalamu.