Mkutano wa Wazazi Shuleni: Mambo ya Kutazamia

Leo twapenda kusema nanyi juu ya barua ile ndogo ambayo mtoto huileta nyumbani, ikimwita mzazi afike shuleni jioni kuelezwa mafundisho ya mwaka. Wazee wengi wakiipokea huingiwa na wasiwasi, maana wameuzoea wito wa shule kwa mambo mawili tu: ama mtoto amekosa, ama fedha zatakiwa. Mkutano huu si wa hayo. Ni wa kueleza mtaala, yaani mpango wa mafundisho yote: mtoto atasoma nini, kwa miaka mingapi, kwa lugha gani, na atapimwa namna gani.

Kwanza, habari ya wakati. Raskazone ni rasi, na wazazi wengine hufuata bahari kuliko saa ya ukutani. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza, na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Kwa hiyo yafaa walimu waweke mkutano siku za mwezi mpevu, baada ya sala ya alasiri, ili baba asikose riziki wala asikose mkutano. Baba akiwa safarini, mama na aje. Na mwenye kulea mtoto wa ndugu yake, huyo naye ni mzazi mbele yetu.

Mkisha kuketi, mwalimu mkuu atafungua maneno, kisha mwalimu wa darasa atawaonyesha vitabu, ratiba na madaftari ya watoto. Msione haya kuyashika na kuyafunua. Hata asiyejua kusoma aweza kulitambua daftari lililosahihishwa, na lile lisiloguswa na kalamu ya mwalimu tangu mwezi uliopita.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa, nalo ni miaka ya masomo. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi imepunguzwa kutoka miaka 7 kuwa 6, na elimu ya lazima imekuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, lakini haukuingia madarasa yote kwa pamoja. Darasa la kwanza na la tatu waliingia. Darasa la nne na waliowatangulia walibaki katika mpango wa zamani.

Basi fanyeni hesabu pamoja nasi. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 amepangiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027. Aliyekuwa darasa la nne mwaka huo huo amepangiwa kumaliza darasa la saba, naye pia mwaka 2027. Makundi mawili, ambayo zamani yangalipishana mwaka mzima, yatazamiwa kuingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana aweza kuwaona wote wawili wakidai sare, viatu na madaftari katika mwezi mmoja. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Lakini sare na madaftari ni mzigo wa mzazi. Afadhali kujua mapema na kuweka akiba kidogo kidogo, kuliko kushtuka siku ya kufungua shule na kumbakiza mmoja nyumbani. Na twajua ni yupi ambaye mara nyingi hubakizwa: ni msichana.

Jambo la pili ni amali. Katika sekondari sasa kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambao mwanafunzi husoma fani ya kazi pamoja na masomo kama Kiingereza na Hisabati. Wazazi wengine huguna wakisema, "Sikumpeleka mwanangu shule awe seremala." Lakini mji wetu haukuanza leo kuunganisha kitabu na kazi ya mikono. Shule ya Serikali ya Tanga, zamani za Wadachi, ilifundisha kusoma na ufundi pia, na gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa humo mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyepanga herufi zile za chuma sharti alijua kuzisoma. Msikatae kabla ya kuuliza: ni shule zipi zilizo karibu zenye mkondo huo, zafundisha fani gani, na je, vyombo vya kazi vimo?

Tatu ni lugha. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Hapo watoto wengi wenye akili hunyamaza, si kwa ujinga bali kwa kukosa maneno. Katika mpango mpya Kiingereza huanzwa tangu darasa la kwanza. Ulizeni ni nani akifundishaye, na kitabu kimoja chatumiwa na watoto wangapi.

Habari za mwanao peke yake, kama utoro au ugomvi, mwulize mwalimu kando baada ya mkutano, usimwaibishe mtoto mbele ya majirani. Lakini lile linalowahusu wote liulize mbele ya wote, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ninyi walimu wenzetu mnaotusikiliza, swali la mzazi si matusi. Mwalimu asiyejua jibu na aseme hajui, akalitafute, kisha alilete.

Mkirudi nyumbani, mwiteni mtoto, mwambieni mliyoyasikia, naye awaonyeshe daftari lake kila juma. Udongo upatize ungali maji. Shule humshika mtoto saa chache za mchana. Saa nyingine zote yu mikononi mwenu. Barua ikija, basi, njoni, nanyi njoni na maswali.

Kwaherini.