Mzazi Anayeanza Kompyuta Awekewe Mfumo Gani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Embu na Meru)

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta, na mimi si fundi. Kazi yangu ni ya ustawi wa jamii. Lakini kila nikitembelea vikundi, kutoka Runyenjes hadi Maua, naulizwa swali moja: mtoto ameleta kompyuta nyumbani, sasa huyu mzazi ambaye hajawahi kuigusa awekewe mfumo gani?

Mfumo ni ile programu kubwa inayoamka kwanza ukiwasha mashine, na ndiyo inayoendesha programu zingine zote. Wengi tunaijua Windows. Iko pia Linux, ambayo ni ya bure na ina sura nyingi. Moja ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Nyingine ni Linux Mint, iliyojengwa juu ya hiyo Ubuntu.

Msidhani haya ni mambo ya kuchezea. Mama mmoja wa kikundi cha kahawa alikuwa akifanyiwa kila kitu saiba. Alipofunguliwa akaunti ya kodi ya iTax, kijana aliandika barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri akabaki nalo yeye. Kijana akahama. Msimu wa kupeleka ripoti ya kodi ulipofika, mama hakuweza kuingia kwenye akaunti yenye jina lake na nambari ya kitambulisho chake. Yeye hakuwa anatafuta ufundi. Alitaka tu ashike ufunguo wa nyumba yake.

Sasa niwaambie kosa letu sisi nyumbani. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, huko Imenti Kusini. Tulimnunulia laptopu ya mtumba, imetoka Uingereza, ikiwa na Windows 10. Mfumo huo uliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025; aliyejiandikisha aliongezewa mwaka mmoja tu. Nayo Windows 11 haikubali mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Hizo ndizo zimejaa madukani kwetu, kwa hivyo muulize kabla ya kutoa pesa.

Mpwa wangu akasema hakuna shida, akaweka Linux. Lakini aliweka ile inayompendeza yeye, ya kuandika amri kama mwandishi wa telegramu! Halafu akarudi chuoni. Mzee akakaa miezi miwili bila kuifungua. Fundi wa sokoni naye akataka kumwekea Windows ya wizi kwa malipo. Hiyo mkatae kabisa, kwa sababu hamjui ndani yake kumetiwa nini.

Kumbe hakuna aliyekuwa amemuuliza mzee anataka kufanya nini. Tulipomuuliza, alitaja mambo manne: kusoma magazeti, kuandika kumbukumbu za mradi wa maji, kuingia eCitizen mwenyewe, na kuona wajukuu. Hayo yote yanafanyika katika mfumo wowote. Basi tukajaribu Linux Mint kutoka kwa flashi, kwa maana inaweza kuwashwa hivyo bila kufuta kitu chochote kwenye mashine. Kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto, herufi zinaongezeka ukubwa, na haimsumbui kwa matangazo. Mashine ya gigabaiti 4 za kumbukumbu inaibeba vizuri. Akasema, hii naiona.

Mimi naipenda Mint, lakini sisemi kila mtu aiweke. Kama mashine inakubali Windows 11, na jirani au mwalimu aliye karibu anajua Windows peke yake, acheni Windows. Mzazi akikwama saa mbili usiku atamwita huyo jirani, hatamwita mtoto aliye Nairobi. Chromebook nayo ni rahisi sana, ila inategemea mtandao, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupata marekebisho. Ukinunua ya mtumba, angalia tarehe hiyo kwanza.

Bando nalo linakwisha haraka kompyuta ikijivutia marekebisho yenyewe. Kwenye Windows unaweza kuiambia kwamba mtandao wako ni wa kulipia kwa kipimo, nayo itapunguza kuvuta. Na barua ya kuchapishwa saiba ihifadhiwe kama PDF, ndiyo isiharibike mistari.

Wengine wameniuliza habari ya Kiswahili. Ipo. Tangu 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili, na Windows 10 nayo ilikuwa na Kiswahili cha kuongezea. Lakini baba aliyakataa yale maneno mapya, akataka Kiingereza alichofundishia. Mwacheni mzazi achague, mradi anayemsaidia kwa simu awe anaona maneno yale yale.

Wiki ya kwanza tulimfundisha kuwasha, kuzima, na kuandika neno la siri ambalo sisi hatulijui. Mengine anayaandika kwa daftari, kwa mkono wake. Juzi alinipigia simu akiuliza barua ya kamati imepotelea wapi. Nilipoanza kumweleza akasema, ngoja, nimeiona.