KUMTUNZA ASIYEJIWEZA NI KAZI YENYE UJUZI



Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipolaani unyonyaji, halikuwahesabu watoto wadogo na wazee wasiojiweza kuwa wanyonyaji. Kuishi kwao kwa jasho la wengine ni haki yao. Lakini liko swali ambalo halina budi kujibiwa: jasho hilo ni la nani, naye analipwa nini?

Hapa Kisiba, kama katika sehemu nyingi za Rungwe, jasho hilo kwa kawaida ni la mwanamke. Mzee akipooza, binti au mkamwana huacha migomba na chai, akabaki kando ya kitanda. Wakati huohuo binti wa jirani yuko Mbeya au Dar es Salaam, akimwogesha mzee wa watu wengine kwa jina la mtumishi wa nyumbani. Wa kwanza hupewa shukrani. Wa pili hupewa ujira mdogo, mara nyingi bila mkataba. Wote wawili huambiwa kuwa wanalolifanya si kazi hasa.

Usemi huo ni potofu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya makalio na visigino huharibika ikawa vidonda. Aliyepooza hulishwa akiwa ameketishwa, kidogo kidogo, ili chakula kisiingie katika njia ya hewa. Kumwinua bila kumwumiza, wala kujiumiza mgongo, ni elimu. Kuhifadhi heshima ya mwili wake ni maadili.

Je, kazi hiyo ina ajira? Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika muda wa miaka mitano. Hiyo ni nafasi kwa kijana wa kijijini. Hata hivyo, mhudumu huyo hutembelea kaya nyingi: huelimisha, hutambua dalili, humwelekeza mgonjwa zahanati. Hawezi kushinda na mgonjwa mmoja. Pengo linabaki, na ndani ya pengo hilo ndimo ilimo kazi.

Basi wajibu ni wa aina tatu. Serikali iwafundishe watunzaji na kuwapa vyeti. Mwajiri afuate Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayodai masharti ya kazi yaandikwe na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Watunzaji nao waunde vikundi, waombe mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Chama kilijengwa juu ya heshima ya kazi. Hakuna anayemheshimu mzee huku akimdharau anayemwogesha.